Skuta Isiyo na Mwendeshaji

Msomaji, umezoea kuona uhakiki wa mashairi, wa tamthilia na wa riwaya. Leo nakuomba tuhakiki pamoja kitu kidogo kuliko vyote hivyo, kitu kisichojaza hata nafasi ya neno moja. Ni picha ya skuta ikaayo katika simu, miongoni mwa zile picha ndogo ziitwazo emoji. Yamkini utajiuliza kama mwalimu amekosa kazi. Jibu langu ni kwamba kitu kisomwacho mara nyingi kwa siku, na kiandikwacho na wakubwa na wadogo, ni sehemu ya maandishi ya zama zetu. Na kila andishi laweza kuulizwa kama limesema vema au limesema vibaya. Sindano ni ndogo, lakini ikipotea ndani ya godoro, alalaye juu yake ataijua.

Nilipokuwa katika chuo cha ualimu tulizoezwa kuisoma picha sisi wenyewe kabla ya kumsomesha mtoto. Tulipewa maswali matatu. La kwanza: picha hii yaonyesha nini? La pili: nani ameipeleka kwa nani, na wamekubaliana nini juu yake? La tatu: ni kitu gani kilichoachwa nje ya picha? Maswali haya ni mepesi kuyatamka na mazito kuyajibu. Natumaini kwamba utakapofika mwisho wa insha hii utakuwa umeyazoea kiasi cha kuyatumia hata mahali asipokuwapo mwalimu.

Tuanze na swali la kwanza. Picha yaonyesha chombo cha magurudumu mawili madogo, chenye kiti kifupi, usukani ulioinuka, na bamba la mbele la kuikinga miguu. Rangi hubadilika kwa kadiri ya kampuni iliyoichora, lakini umbo ni lile lile, na uso wa chombo huelekea kushoto. Chombo hicho ndicho ambacho wenzetu wa Unguja na Dar es Salaam hukiita vespa, na jina hilo limetoka Italia. Baada ya Vita Kuu ya Pili, kampuni ya Piaggio, ambayo zamani iliunda ndege, ilitafuta chombo cha bei nafuu cha kuwasafirisha watu katika nchi iliyoharibiwa na vita. Mhandisi Corradino D'Ascanio, ambaye ufundi wake ulikuwa wa ndege na helikopta, akabuni skuta ambayo mpandaji hahitaji kuipanda kama apandavyo farasi. Hupitisha miguu kwa mbele, akaketi kama aketivyo juu ya kiti, na tope la njiani halimchafui nguo. Ubunifu huo uliandikishwa serikalini mwezi wa Aprili 1946. Vespa maana yake ni nyigu.

Picha yenyewe ilizaliwa baadaye sana. Neno emoji ni la Kijapani: e ni picha, na moji ni herufi. Mwaka 1999 Mjapani mmoja, Shigetaka Kurita, alichora mkusanyo wa picha 176 kwa ajili ya simu za kampuni ya NTT DoCoMo. Picha za namna hiyo zilipoenea, shirika la Unicode, ambalo kazi yake ni kuzipa namba herufi za lugha za dunia ili maandishi ya hapa yasomeke kule, lilizipokea kwa wingi mwaka 2010. Skuta yetu iliingia katika orodha mwaka 2016, pamoja na emoji nyingine mpya. Zote zilikuwa 72. Namba yake ni 1F6F5. Kwa hiyo mtu atumaye skuta hapeleki picha hasa. Simu yake hupeleka namba, na simu ya mpokeaji huchora skuta yake yenyewe. Litie jambo hili akilini: hata chombo akionacho mpokeaji huenda kisiwe kile kile alichokiona mtumaji. Ikiwa chombo chenyewe chaweza kubadilika njiani, je, maana yake itasalimika?

Sasa panda nami hadi Maua, mahali ninapopajua. Mji huu umekaa juu ya vilima vya Nyambene, katika nchi ya Waigembe, upande wa kaskazini-mashariki wa mji wa Meru. Barabara kuu ina lami, lakini njia nyingi za kwenda mashambani ni za udongo mwekundu, ambao mvua ikinyesha hugeuka utelezi. Skuta ya Kiitaliano yenye magurudumu madogo ingepata taabu kubwa hapa. Chombo kitawalacho njia zetu ni pikipiki, aghalabu Boxer au TVS kutoka India, yenye magurudumu makubwa, kiti kirefu cha kuchukua abiria, na chuma cha mizigo nyuma yake. Twaiita boda boda, na neno hilo nalo limesafiri mbali. Katika miaka ya 1960, huko Busia mpakani mwa Kenya na Uganda, watu walichukua abiria kwa baiskeli kutoka mpaka mmoja hadi wa pili, wakiita kwa neno la Kiingereza la mpaka, kwa matamshi yao wenyewe na mara mbili. Baadaye pikipiki ikairithi baiskeli kazi yake pamoja na jina. Mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliziondolea ushuru wa thamani pikipiki ndogo, na tangu hapo zikaenea hata mahali ambapo gari lilikuwa halijawahi kufika.

Basi picha ni ya skuta na chombo ni boda boda, havifanani. Iko pia emoji nyingine ya pikipiki, iliyoingizwa mwaka 2014, lakini hiyo ni ya mashindano ya mbio, na mama anayepeleka ndizi sokoni hana mashindano na mtu. Watu ninaoandikiana nao wameamua kuitumia skuta. Wameichukua jinsi walivyolichukua neno boda boda: kitu cha ugenini kimetiwa kazini mpaka kikawa cha nyumbani. Sioni kosa katika hilo. Lugha yetu imefanya hivyo karne nyingi, na haikupungua, iliongezeka.

Hapa ndipo liingiapo swali la pili, la makubaliano. Kufanana kwa picha na kitu si lazima ili alama ifanye kazi. Mwaka 2005 Wakenya walipiga kura ya maoni juu ya rasimu ya katiba. Waliokubali waliweka alama kwenye ndizi, na waliokataa waliweka alama kwenye chungwa. Ndizi haifanani na ndiyo, wala chungwa halifanani na la. Hakuna aliyedhani kwamba serikali yauliza habari za matunda. Maana ilitangazwa mapema, ikarudiwa redioni na katika mikutano, na kila mtu akaijua kabla ya kuingia katika chumba cha kura. Alama ilikuwa na nguvu kwa sababu maneno yalikuwa yameitangulia.

Nitakupa mfano wa pili, nao ni wa hapa hapa. Miraa huchumwa mashambani, hufungwa vitita, na hufunikwa majani ya mgomba yasiyoruhusu inyauke. Kisha huharakishwa, kwa maana baada ya siku mbili hivi nguvu yake hupungua na bei yake huanguka. Pikipiki huichukua kutoka shambani hadi Maua, Kangeta au Laare. Magari huichukua kwenda Nairobi. Ndege huichukua kwenda Somalia. Sisemi katika insha hii kama miraa ni njema au mbaya. Neno hilo lastahili insha yake peke yake. Nataka tu uone jambo moja. Kitita kilichofungwa juu ya pikipiki ni bidhaa. Lakini katika desturi za Wameru, kitita cha miraa kilichotengenezwa kwa heshima na kupelekwa kwa wazee wa msichana ni ombi la posa. Mmea ni ule ule na majani ya mgomba ni yale yale. Kinachobadili maana ni mkono uliokileta, nyumba kilikopelekwa, na maneno yaliyosemwa kilipowekwa mbele ya wazee. Wazee hao hawakufundishwa elimu ya alama darasani, lakini wangekucheka ungewaambia kwamba kitita chajieleza chenyewe.

Turudi kwenye skuta. Katika ujumbe niliopata kuusoma, picha hii imetumiwa kwa maana nyingi. Mmoja huituma akimaanisha, "Nakuja." Mwingine humaanisha, "Njoo unichukue." Muuza duka huituma baada ya bei, akimaanisha kwamba mzigo wako umekwisha ondoka. Mwanafunzi aliye mbali na nyumbani huituma kwa mjomba wake, na mjomba huelewa kwamba ameombwa nauli. Kijana huiweka chini ya jina lake kuonyesha kazi yake, kama fundi atundikavyo msumeno mlangoni. Wawili walio na mazoea huelewana, kwa kuwa kila mmoja anajua saa, njia na haja ya mwenzake. Tena yafaa tukiri kwamba alama hii ina uzuri wake. Ni ya haraka, haihitaji tahajia, na mtu asiyejua kusoma sana hukosi kumwona akiitumia kwa furaha. Mhakiki asiyeanza kwa kutaja wema wa kitu anachokihakiki hana haki ya kutaja ubaya wake.

Lakini siku moja alama hii ilinifundisha ubaya wake, nami nitakusimulia ijapokuwa kisa chenyewe hakinipi sifa. Wanafunzi wa darasa nililolifundisha zamani walikuwa wameunda kundi lao la simu, wakanikaribisha niwemo. Jioni moja ya mwezi wa Novemba, mvua ikinyesha, mmoja wao aliweka ujumbe chini ya jina la mwenzake aliyekuwa mwendesha boda boda. Ujumbe ulikuwa wa alama mbili tu: skuta, na mikono miwili iliyounganishwa. Hapakuwa na neno hata moja.

Tulijua kwamba kijana yule alikuwa akiendesha pikipiki ya mtu mwingine kwa malipo ya kila siku, na kwamba alikuwa akiweka akiba anunue yake. Basi tulisoma kile tulichotamani kusoma. Tulisema mioyoni: amepata pikipiki yake, na rafiki yake anamshukuru Mungu. Pongezi zikamiminika. Mmoja aliandika, "Hongera, tajiri!" Mwingine aliuliza lini tutapandishwa bure. Wengine walituma picha za watu wakicheza ngoma. Nami, mwalimu wao, niliandika maneno yangu kwa uangalifu wote wa mwalimu: "Hongera, kijana wetu. Kazi ya mikono yako imeonekana."

Saa nzima ilipita kabla ukweli haujafika. Kijana alikuwa ameteleza katika kona, gari likiwa mbele yake. Mguu wake ulikuwa umevunjika, na pikipiki isiyokuwa yake ilikuwa imepondeka. Rafiki yake alikuwa amesimama kando ya barabara akimshikilia kwa mkono mmoja na simu kwa mkono wa pili. Ile mikono iliyounganishwa haikuwa ya kushukuru. Ilikuwa ya kuomba. Alikuwa akituambia tumwombee, na pengine tumchangie. Sisi tulicheza ngoma.

Nilipomtembelea mgonjwa kesho yake nilijaribu kuomba radhi. Alitabasamu, akasema, "Mwalimu, nilizisoma pongezi zenu. Nilifikiri mnanipongeza kwa kuwa hai." Aliyasema kwa utani ili kunipunguzia haya, wala haya hazikupungua. Rafiki yake aliyekuwa ameketi penye miguu ya kitanda alisema neno jingine ambalo sijalisahau: "Mwalimu, nilidhani mtaona."

Tazama, msomaji, kosa lilikuwa la nani? Usiharakishe kumlaumu yule aliyetuma. Mikono yake ilikuwa na maji na tope, na moyo wake ulikuwa unapiga. Yeye alikuwa akiiona ajali kwa macho yake, na mtu anayekiona kitu husahau upesi kwamba mwenzake aliye mbali hakioni. Wala usitulaumu sisi peke yetu, kwa kuwa alama zilizotufikia ziliruhusu kabisa maana tuliyoipata. Lakini sisi tulikuwa tumekaa pakavu, na tulikuwa na nafasi ya kuuliza neno moja, "Kuna nini?" Hatukuuliza. Mimi nahesabu hilo kuwa kosa la wasomaji, na mimi nilikuwa msomaji wa kwanza kwa umri na kwa elimu.

Sasa tulete sarufi, maana ndiyo itakayotuonyesha kasoro ilipo. Rafiki yule angaliandika neno moja tu, "Ameanguka," tusingalikosea. Lifumue neno hilo kama ulivyofunzwa darasani. A- ni nafsi: yuko mtu, naye ni mmoja, wala si mimi wala si wewe. -me- ni wakati: jambo limekwisha tokea, na matokeo yake yangaliko. -anguka ni tendo. Katika neno moja la Kiswahili mna mtu, wakati na tendo. Sasa ifumue alama ya skuta. Nafsi haimo. Wakati haumo. Tendo halimo. Kimo chombo peke yake, kimesimama, kimeelekea kushoto. Nakuja, njoo, anakuja, amefika, amenunua, ameibiwa, ameanguka: yote haya skuta yaweza kuyabeba, na kwa sababu yaweza kuyabeba yote, haina hata moja iliyo lake kwa hakika.

Hapo tumekwisha kulifikia swali la tatu, la kitu kilichoachwa nje. Itazame tena picha. Kiti ni kitupu. Hakuna mwendeshaji, hakuna abiria, hakuna mzigo. Mchoraji aliyechora chombo cha kuuzwa ana ruhusa ya kukichora kitupu, ili mnunuzi ajione mwenyewe juu yake. Lakini boda boda ya Maua haionekani hata siku moja hivyo. Boda boda ni kijana aliyemaliza shule akakosa karo ya kuendelea. Ni baba mwenye koti zito la mvua katika joto la mchana. Ni yule aliyemchukua mama mjamzito usiku kumpeleka hospitali wakati gari halikuweza kupita. Kichukue chombo bila mtu, na umeacha nje habari yenyewe.

Nisiwe mdhalimu kwa simu. Kosa hili lilikuwapo vinywani mwetu kabla halijaingia katika vidole vyetu. Tunaposimama kando ya njia twaita, "Boda!" na anayegeuka ni mtu. Tumempa jina la chombo chake. Twasema "boda imeanguka" kana kwamba chuma ndicho kilichoumia. Alama ya skuta haikuuzua ugonjwa huo. Imeuchora tu, na kwa kuwa imeuchora twaweza kuuona. Hiyo ndiyo faida moja kubwa ya kuhakiki vitu vidogo: hutuonyesha tabia zetu kwa kipimo tunachoweza kukishika mkononi.

Je, yawezekana picha na neno vikae pamoja bila kudhulumiana? Tazama kanga ya pwani. Kanga ina pindo, ina mji ulio katikati wenye mapambo, na ina jina, yaani yale maneno yaliyopigwa chapa chini ya mapambo. Mapambo hupendeza macho, lakini mwanamke akitaka kumpelekea jirani yake habari, huchagua kanga kwa jina lake. Waliotengeneza kanga hawakuitupa picha, wala hawakuiachia picha kazi ya ulimi. Waliviweka viwili hivyo katika kitambaa kimoja. Huo ni uandishi wa busara kuliko ule wetu wa jioni ya mvua.

Au twende magharibi hadi Goma, mashariki mwa Kongo, ili tuone skuta ya namna nyingine. Mwaka ule ule wa 2016 Unicode iliingiza pia emoji ya skuta isiyo na injini, ile isukumwayo kwa mguu. Katika miji ya Ulaya chombo hicho ni mchezo wa watoto, au ni cha mtu anayewahi kazini. Goma wanacho cha kwao, chukudu, kilichochongwa kwa mti mgumu, chenye magurudumu yaliyovishwa mpira, nacho huchukua mamia ya kilo za viazi, makaa na kuni katika nchi yenye mawe ya volkano. Watu wa Goma wamekiheshimu chombo hicho kwa sanamu kubwa katika makutano ya barabara za mji wao. Lakini sanamu hiyo haikukiacha chukudu peke yake. Yumo mtu anayekisukuma. Mchongaji wa Goma alijua kwamba ukitaka kuisifu kazi, humwondoi mfanyakazi.

Wengine watasema kwamba dawa ni kutengeneza emoji zetu wenyewe. Shauri hilo si baya. Mwaka 2018 kijana wa Kodivaa, O'Plérou Grebet, alichora kila siku picha moja ya vyakula, mavazi na mambo ya Afrika Magharibi, na watu wakazipokea. Mwaka 2019 Unicode iliingiza picha ya bajaji, na wengi wetu tulifurahi kuona chombo cha njia zetu kikipata namba. Siku moja huenda ikaja pikipiki yenye kiti kirefu, na mwendeshaji, na abiria wawili, na kuku katika kikapu. Nitaifurahia. Lakini hata hiyo haitakuwa na a- wala -me-. Itatuonyesha mtu, na bado haitatuambia ni nani, wala limempata jambo gani. Kazi hiyo itabaki kuwa ya neno.

Wengine, hasa wazee wenzangu katika kazi ya kufundisha, watasema kwamba dawa ni kuzipiga marufuku alama hizi kwa sababu zaua lugha. Nao siwezi kuwafuata. Lugha haiuawi na picha. Baba zetu walichora juu ya vibuyu, wakachonga milango, wakafuma mikeka yenye mapambo, na bado walisema kwa ufasaha kutushinda. Lugha hudhoofika pale mwenye nayo anapoacha kuitumia mahali inapohitajiwa. Alama ya skuta ikija baada ya neno "Nakuja" ni pambo zuri kama pindo la kanga. Ikija mahali pa neno, kati ya watu waliozoeana, katika jambo lisilo na hatari, hudhuru kidogo sana. Lakini likiwapo jambo la mwili wa mtu, au fedha ya mtu, au heshima ya mtu, alama peke yake ni ujumbe uliotumwa kabla ya kumalizika.

Hiyo, msomaji, ndiyo hukumu yangu juu ya kipande hiki kidogo cha maandishi ya zama zetu. Ni alama nyepesi, ya haraka, yenye asili ya mbali, nasi tumeipa makazi katika vilima vyetu bila kumwomba mtu ruhusa. Nasifu jambo hilo. Kasoro yake ni kiti kitupu, na kasoro hiyo haitaondolewa na mchoraji wa Marekani wala wa Japani. Itaondolewa na wewe, kwa herufi chache utakazoziweka kando yake: jina la mtu, na tendo lenye nafsi na wakati. Na utakapokuwa msomaji badala ya mwandishi, utaiondoa kwa kuuliza kabla ya kupongeza.

Kijana niliyekusimulia habari zake alipona, ingawa huchechemea kidogo siku za baridi. Amerudi kazini. Juma lililopita alinitumia ujumbe wa skuta asubuhi mapema, na chini yake akaandika, "Mwalimu, nimefika salama na mzigo wako. Ni mimi."